Ujirani wa Mboga za Msimu wa Baridi: Mwanga na Hewa Kwanza, Harufu Mwisho

Ukizipanga mboga za msimu wa baridi kwa koo zake, unakuta kwamba koo sita tu ndizo zinazobeba karibu bustani nzima. Kabichi, brokoli, koliflawa, sukuma wiki, tanipu na figili ni za ukoo mmoja. Karoti, seleri na giligilani ni za ukoo mwingine. Vitunguu maji, vitunguu saumu na liki hukaa pamoja. Spinachi na bitiruti ni ndugu ingawa hazifanani kwa sura. Saladi imo katika ukoo wa alizeti. Na njegere, pamoja na yale maharage mapana yanayostahimili baridi, ni za jamii ya mikunde. Swali la mboga ipi ikae jirani na ipi hunishughulisha kila ninapoandaa matuta kabla ya baridi kuingia, na kwa koo chache kiasi hiki lingepaswa kuwa jepesi. Linalolifanya liwe gumu ni wingi wa majibu yanayonakiliwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine bila kuchunguzwa. Mimi hulijibu kwa kuanza na mwanga na hewa, kisha wadudu, na harufu ya mimea huiweka mwisho kabisa.

Sababu ya kuanza na mwanga ni kwamba msimu wa baridi hugeuza mahitaji ya bustani. Wakati wa joto, jirani mwenye majani mapana huweza kuwa msaada mkubwa kwa sababu hukinga udongo usikauke na humpunguzia mwenzake ukali wa jua. Wakati wa baridi maji hukauka polepole, na kinachokuwa adimu ni mwanga wenyewe. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, jua la msimu huo hupita chini angani, kivuli cha kila mmea huwa kirefu, na mche uliopandwa nyuma ya kabichi iliyokwisha kutanda majani huweza kukosa jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya siku. Hivyo mmea mrefu hukaa upande ambao kivuli chake kitaangukia njia au mahali pasipo na kitu, na mmea mfupi hukaa upande wa jua. Kanuni hii huonekana ya kawaida mno hata watu huiruka, lakini ningetakiwa kubakiza kanuni moja tu ya kuchanganya mboga, ningebakiza hii.

Hewa hufuata papo hapo. Ubwiri vinyoya wa saladi, ugonjwa wa majani unaosababishwa na kimelea kiitwacho Bremia lactucae, hupenda hali ileile ambayo saladi yenyewe huipenda: ubaridi wa wastani, unyevu mwingi, na majani yanayobaki na maji hadi asubuhi iwe imekwenda. Spinachi na njegere nazo zina magonjwa ya namna hiyo. Mtu anayebananisha mimea ya aina nyingi katika tuta moja kwa nia njema ya kuifanya isaidiane, huku umande ukichelewa kukauka, huwa ameyatengenezea magonjwa hayo makao. Ndiyo maana nafasi ninazoacha kati ya mimea wakati wa baridi ni kubwa kidogo kuliko za wakati wa joto, hata kama tuta litaonekana lina mapengo kwa majuma ya mwanzo. Asubuhi hupitisha mkono juu ya majani ya saladi zilizozungukwa na mimea mingine. Yakiwa bado yana maji wakati majani ya saladi za pembeni yamekwisha kukauka, najua kwamba jirani mmoja anapaswa kuvunwa mapema.

Orodha za mimea rafiki na mimea adui, zile zinazosema mmea huu unampenda yule na unamchukia huyu, nazisoma kwa tahadhari kubwa. Nyingi hazielezi jambo hilo hutokea kwa njia gani, na kanuni isiyoeleza njia yake haiwezi kukuambia itafanya kazi lini na itashindwa lini. Mtu akiniambia kwamba saladi hustawi karibu na kabichi, ninachotaka kujua ni kama anazungumzia kivuli, wadudu, mizizi au muda wa kukomaa, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kina masharti yake, na masharti hayo hubadilika baridi inapoingia.

Katika suala la wadudu kuna maarifa ya kweli, tena yenye kupendeza. Mwaka 1973 mtaalamu wa ikolojia Richard Root wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wadudu wa mimea ya jamii ya kabichi iliyopandwa peke yake ikilinganishwa na ile iliyochanganyikana na mimea mingine. Alitoa maelezo mawili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mjadala. La kwanza ni kwamba mdudu anayekula ukoo mmoja wa mimea hulipata kwa urahisi shamba lenye ukoo huo peke yake, akishalipata hubaki humo, na huzaana humo. La pili ni kwamba mchanganyiko wa mimea huwapa chakula na maficho maadui wa mdudu huyo. Maelezo yote mawili yana ukweli, ila kwa bustani ya baridi la kwanza lina uzito zaidi, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo.

Baadaye Stan Finch na Rosemary Collier, waliofanya utafiti wao Wellesbourne, Uingereza, walimfuatilia nzi wa mizizi ya kabichi kwa ukaribu wa ajabu, na mwaka 2000 wakaeleza jinsi anavyomchagua mwenyeji wake. Nzi jike akiwa angani huhisi kemikali zinazotoka kwenye mimea ya jamii ya kabichi, na kemikali hizo humwambia tu kwamba wakati wa kutua umefika. Hazimwongozi hadi kwenye jani lenyewe. Anapotua huongozwa na macho: hutua juu ya chochote cha kijani na huepuka rangi ya udongo. Katika tuta lililopaliliwa likabaki na udongo mtupu, kila kitu cha kijani ni kabichi, kwa hiyo hatui vibaya hata mara moja. Akishatua huonja jani kwa miguu yake, huruka kidogo, hutua tena na kuonja tena, na ni baada ya kutua sawasawa mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida kama mara nne, ndipo huenda chini ya shina kutaga. Katikati ya mfululizo huo akitua juu ya jani la mmea mwingine, huanza upya au huondoka. Katika majaribio ya aina hii hata vipande vya karatasi ya kijani vilivyowekwa kando ya mimea viliweza kumvuruga, na mwaka 2003 Finch na Collier, pamoja na mwenzao mmoja, walionyesha kwamba mimea yenye harufu kali haikumvuruga nzi huyo, wala nzi wa kitunguu, kuliko mimea isiyo na harufu kali.

Matokeo hayo yalibadilisha kabisa namna ninavyolitazama tuta. Wengi wetu tulifundishwa kupanda kitunguu au giligilani kando ya kabichi ili harufu iwafukuze wadudu, lakini kinachofanya kazi ni ujani unaofunika udongo katika yale majuma ambayo nzi wanatafuta mahali pa kutaga. Hivyo saladi ya kawaida, spinachi changa au njegere fupi huweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama mmea wowote wenye harufu, mradi majani yake yawe mengi na yawepo mapema. Jambo la mapema lina uzito, kwa sababu mche wa kabichi uliotoka kitaluni ndio usioweza kustahimili funza wa nzi huyo kwenye mizizi, ilhali mmea uliokwisha kujenga mizizi mingi hupona. Kwa hiyo jirani hutangulia: saladi huwekwa tutani majuma mawili au matatu kabla ya kabichi, na kabichi ikija hukuta udongo umeanza kufunikwa.

Majaribio mengi ya aina hii yalitumia klova, mmea mfupi wa jamii ya mikunde, kama zulia la kijani chini ya kabichi. Katika bustani ndogo siipendekezi bila masharti. Klova iliyoota vizuri hunyang'anyana na kabichi maji na chakula, na vichwa vya kabichi huwa vidogo; wadudu hupungua, lakini mavuno nayo hupungua, na mkulima wa nyumbani hupanda ili ale. Isitoshe, zulia zito lenye unyevu ni makao mazuri ya konokono, wakiwemo wale wasio na nyumba mgongoni, na hao wakati wa baridi huweza kumaliza miche kwa usiku mmoja. Anayeitaka klova aipande baada ya kabichi kushika, aikate ikifika nusu ya urefu wa kabichi, na aache mduara mtupu wa kiganja kimoja kuzunguka kila shina. Mimi huona ni afadhali zulia ambalo lenyewe linaliwa.

Karoti na vitunguu ni jozi mashuhuri kuliko zote, na safari hii umaarufu wake una msingi. Mwaka 1984 watafiti Uvah na Coaker walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba karoti zilizochanganywa na vitunguu zilishambuliwa kidogo zaidi na nzi wa karoti. Jambo ambalo husahauliwa ni sharti lake: kinga hiyo ilikuwepo wakati majani ya vitunguu yalikuwa yakiendelea kukua, na ilikoma vitunguu vilipoanza kujaza tunguu. Kwa mpanga bustani sharti hilo ni kila kitu. Ukipanda vitunguu vitakavyoanza kujaza tunguu wakati uleule nzi wa karoti wanaporuka kwa wingi, unakuwa na jozi nzuri kwa macho lakini isiyo na faida. Ni bora kutumia liki, au vitunguu vya majani vinavyopandwa kwa zamu, ili majani machanga yasikosekane. Pia mistari ya vitunguu iwe mingi kuliko ya karoti, kwa kuwa mstari mmoja mwembamba hautoshi kuvuruga chochote. Tena jozi hii inafaa kwa umbo lake: jani la kitunguu husimama wima na halimzibii karoti mwanga, na mizizi ya kitunguu ni mifupi ilhali ya karoti huenda chini.

Sasa nirudi kwenye maadui wa wadudu. Nzi wa maua, wale wenye mistari ya manjano na meusi wanaofanana na nyigu wadogo na wanaoweza kuganda hewani mbele ya ua, hutaga karibu na vidukari, na viluwiluwi wao hula vidukari kwa mamia kabla ya kugeuka wadudu kamili. Mdudu mzima huhitaji chavua ili mayai yakomae, na kwa kuwa mdomo wake ni mfupi, hufaidi maua madogo yaliyo wazi, kama ya giligilani na ya alisamu, yale maua meupe yanayotambaa. Katika bonde la Salinas huko California, ambako saladi hulimwa kwa wingi katika hali ya hewa yenye ubaridi, wakulima wa saladi wasiotumia viuatilifu vya viwandani huitegemea alisamu kwa sababu vidukari wa saladi hujificha ndani ya moyo wa mmea. Mtafiti Eric Brennan wa Idara ya Kilimo ya Marekani alichapisha mwaka 2013 uchunguzi kuhusu namna ya kuipanga, na unaonyesha kwamba mimea michache ya alisamu iliyotawanywa katikati ya saladi hutumia nafasi vizuri zaidi kuliko kutenga tuta zima kwa ajili ya maua, ingawa saladi zilizo jirani kabisa nayo huweza kupungua ukubwa.

Tatizo ni joto. Vidukari huanza kukua na kuzaana katika ubaridi ambao maadui wao wengi bado wametulia, kwa hiyo katika siku za baridi kali na zile za mwanzo wa kupata joto, maua hayo hayana mgeni. Hii ndiyo sababu niliyoiahidi: zulia la kijani hufanya kazi tangu siku nzi wa kwanza anaporuka, ilhali maua hufanya kazi baadaye. Maua nayapanda, tena kwa moyo, lakini nayapanga kwa ajili ya mwisho wa msimu. Giligilani husiwa mapema, pamoja na mboga, kwa sababu katika ubaridi hubaki na majani kwa muda mrefu. Siku zikirefuka na joto likipanda hurefuka na kuchanua, na wakati huo ndio vidukari wanapoongezeka kwenye kabichi na saladi za mwisho. Anayeing'oa giligilani kwa kuwa imeanza kutoa maua huiondoa wakati inapoanza kazi yake ya pili.

Kuna ujirani mwingine usiohusu wadudu hata kidogo, nao ni wa muda. Karoti ni mbegu yenye kuchelewa. Katika udongo wenye nyuzi 15 za Selsiasi huota kwa takriban siku 10, na udongo ukishuka hadi nyuzi 10 huchukua kama siku 17. Katika nyuzi 5 inaweza kupita siku 50. Figili katika nyuzi 15 huota kwa siku kama 6, na katika nyuzi 10 kwa siku kama 11. Kwa hiyo mbegu chache za figili zikichanganywa katika mfereji wa karoti hutoka kwanza, huonyesha mstari ulipo ili palizi ianze bila kuziharibu karoti, huvunja gamba la udongo, na huvunwa kabla karoti hazijahitaji nafasi. Sharti ni mbili tu: mbegu za figili ziwe na nafasi ya vidole vinne au vitano kati yao, na zivunwe kwa wakati. Figili iliyoachwa ikazeeka huwa jani kubwa linaloifunika karoti, na ujirani wote hugeuka hasara.

Saladi na kabichi hushirikiana kwa mantiki hiyohiyo. Kabichi zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 45, kati yake kuna ardhi ambayo haitatumika kwa mwezi mmoja au zaidi, na saladi ya majani huweza kuvunwa ndani ya muda huo au kupita kidogo. Katika siku za baridi muda huo hurefuka kwa mboga zote mbili, kwa hiyo sihesabu siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu; hutazama majani. Majani ya kabichi yakibakiza upana wa kiganja kabla ya kugusana na ya saladi, saladi hutoka, iwe imefikia ukubwa wake au la.

Kuhusu njegere, husemwa kwamba huwapa majirani naitrojeni. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake huikamata kweli naitrojeni ya hewa, lakini sehemu kubwa hutumiwa na njegere yenyewe na huishia kwenye punje. Jirani aliyesimama kando yake hupata kidogo sana wakati njegere ikiwa hai. Anayefaidi ni yule anayefuata, mizizi na mabaki yanapooza. Tena udongo ukiwa baridi vinundu hujengwa polepole, na njegere changa huweza kuwa na rangi ya manjano hadi joto lipande kidogo. Hivyo njegere naipa spinachi kama jirani kwa sababu ya kivuli chake chepesi tu, wakati siku zinapoanza kupata joto na spinachi inataka kurefuka, na mabua ya njegere huyakata usawa wa udongo ili mizizi ibakie. Ule usemi kwamba vitunguu ni adui wa njegere siuzingatii sana, ila siviweki pamoja kwa sababu nyingine: kitunguu hakina uwezo wa kushindania mwanga, na njegere zinazotambaa humlalia.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Mimea ya jamii ya Tagetes, yale maua yaitwayo marigold, inayosifiwa kwa kupunguza minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoifanya mizizi iote mafundo, hufanya hivyo ikipandwa tuta zima kwa miezi kadhaa kabla ya mboga, wala si kwa mashina mawili pembeni, na haivumilii baridi kali; kazi yake ni ya msimu wa joto unaotangulia. Nastashamu, ua la bustani, huvuta vidukari weusi na viwavi wa vipepeo vya kabichi, kwa hiyo anayeitumia kama mtego lazima awe tayari kuikagua na kuiondoa, la sivyo anafuga wadudu. Shayiri nyeusi, nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza, inayopandwa kufunika udongo hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota, basi baada ya kuilaza nangoja majuma mawili au matatu kabla ya kusia karoti au saladi. Miche mikubwa haisumbuki.

Limebaki jambo moja ambalo wapenzi wa kuchanganya mboga hawalisemi vya kutosha, nalo ni mzunguko wa mazao. Ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kabichi, unaoletwa na Plasmodiophora brassicae, huacha mbegu zake za ugonjwa zikiwa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Mtu akitawanya kabichi, figili na tanipu katika kila tuta kwa ajili ya ujirani, hana tena tuta lililopumzika. Kwa sababu hiyo kabichi na ndugu zake hubaki katika tuta lao la mwaka, na wageni ndio wanaoletwa kwao: saladi, spinachi, vitunguu vya majani, giligilani. Figili ninayoiweka kati ya karoti naihesabu katika mzunguko huo, na alisamu pia, kwa maana ni ya ukoo wa kabichi ingawa watu huiona kuwa ua tu. Panapokuwa na historia ya ugonjwa huo, vyote viwili huviacha, na giligilani hushika nafasi ya alisamu.

Kwa hiyo tuta langu la kabichi huenda hivi. Saladi na spinachi hutangulia kwa mistari iliyo wazi upande wa jua, giligilani husiwa siku hiyohiyo kwenye ncha zote mbili, kisha miche ya kabichi huingia kwenye mapengo yaliyoachwa kwa ajili yake. Spinachi huvunwa jani kwa jani, saladi hukatwa usawa wa udongo bila kung'olewa ili mizizi ya kabichi isitikiswe, na nafasi inayobaki hufunikwa kwa matandazo mepesi makavu, kwa kuwa kufikia hapo majani ya kabichi yenyewe yanakaribia kukutana. Baada ya hapo huondoa majani ya chini yaliyogeuka manjano na kugusa udongo, na kuinua yaliyobaki kila baada ya siku chache kutafuta konokono na mayai ya vipepeo, hadi vichwa vikaze.